Mafuta Niliyoumwagia Mti wa Bibi Hanae

Namsifu mwanangu,

Sikuulizi kama hujambo, maana nakusikia hapo juu ukiburuta sanduku kutoka upande mmoja wa chumba hadi mwingine, na kila likigonga ukuta najua bado halijakubali kufungwa. Jua la Juni la hapa London limegoma kuzama. Jikoni bado kweupe, nami nimekaa kwenye meza hii na chai iliyokwishapoa. Ningeweza kupanda ngazi nikayasema haya kwa mdomo, lakini unanijua. Nikianza kwa mdomo nitamaliza kwa kelele, na kelele tulizopigiana wiki hizi zimetosha mpaka yule jirani Mturuki ameacha kunisalimia.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Soma polepole, kwa sauti, kama ulivyokuwa ukisoma barua za bibi yako, na ukikwama mahali ruka uendelee. Kiingereza changu ni cha kazini, hakina maneno ya jambo hili.

Mambo ya sweta, dawa na chaja sitayataja, una akili nayo kuliko mimi. Nataka kukuambia kitu nilichokifanya, halafu kitu nilichoambiwa baada ya kukifanya. Nimeshtuka, mwanangu. Nimeshtuka kiasi kwamba juzi nilishuka kwenye basi nikasimama kituoni nimesahau naelekea wapi.

Ile kamba ya mti wa Bibi Hanae niliikata mimi.

Ndiyo, mimi. Ulipoukuta mti mtupu ulidhani ni yule jirani wa upande wa pili, anayelalamika kila vuli kwamba majani yanaziba mifereji ya paa lake. Ulilia ndani ya basi kutoka kwa Bibi, Queensbury, hadi tunafika nyumbani Edmonton, watu wanatutazama. Mimi nilikaa pembeni yako nikakupa tishu. Nikasema, "Pole, mama." Nilikuwa na mkasi ule ule kwenye mkoba.

Usiirarue barua. Soma kwanza.

Unakumbuka tulivyoanza kwenda kwa Bibi Hanae. Baba yako alikuwa ameshaondoka, Jumamosi sikuwa na mtu wa kukuachia, na sheria za kazi ya ukea, ya kutunza wazee majumbani mwao, haziruhusu kwenda na mtoto kwenye nyumba ya mteja. Nilikwenda nawe hivyo hivyo. Bibi mwenyewe, Mjapani, hakulalamika. Mumewe Mwingereza alikuwa amekufa, watoto hawakujaliwa, na nadhani alifurahi kusikia mtu mdogo akikimbia kwenye korido. Nilikuambia ukae sebuleni utazame televisheni. Nikimaliza kumwogesha na kumvalisha, nikigeuka tu, mko wote wawili nje kwenye mwaloni ule.

Wewe ule mti hukuuogopa hata siku moja. Mimi siku ya kwanza nilipouona nilirudi nyuma. Mti mkubwa, mkongwe kuliko nyumba zote za mtaa ule, umefungwa kamba nene kiunoni, kamba yenyewe inaning'iniza karatasi nyeupe zilizokunjwa kunjwa. Chini, juu ya jiwe, visahani vitatu: chumvi, mchele, maji. Sasa niambie, mtoto aliyekulia kambi ya mkonge karibu na Korogwe akiona kitu kama hicho afikirie nini? Kwetu ukiona uzi umefungwa mtini, na kitu cheupe, na chakula chini yake, huulizi. Unarudi ulikotoka, unaoga, unamwambia mama yako, naye anakukataza kupita njia ile mpaka mvua inyeshe. Nilijiambia, Eva, hii ni kazi, fumba macho ulipwe. Nikayafumba miaka yote hiyo. Nilimpikia yule mama, nilimkata kucha, nilimpaka losheni mgongoni, lakini sikumuuliza hata mara moja kile anachokisema kila asubuhi akiwa amesimama mbele ya ule mti.

Wewe ulimuuliza. Siku ile tawi kavu lilipotaka kukatwa, Bibi Hanae alinawa mikono, akasukutua mdomo, akainama, akapiga makofi mawili na kuzungumza na mti kwa lugha yake, yule mkata miti amesimama na msumeno wake hajui acheke au angoje. Ulimuuliza amesema nini. Akakujibu kwamba ameuambia mti kuwa wataukata mkono mmoja, na kwamba anasikitika, ila umekauka. Tulivyokuwa tukirudi uliniuliza, "Mum, did it hear her?" Nikakujibu, "Miti haina masikio. Kula chipsi zako."

Hapo ndipo ulipoacha kuniuliza mimi, nadhani. Ulihamia kwake.

Basi ukakua, nami nikaomba uwe nesi. Ukawa mpanda miti, wa kukwea na kukata matawi. Nilipokuja kukuona kazini mara ile moja, uko juu kabisa na kamba kiunoni na msumeno unanguruma, nilikaa chini kwenye majani. Na yule mwenzako mwenye ndevu akaniambia akicheka kwamba kabla ya kukata chochote unaweka kiganja kwenye gome na kunong'ona, na kwamba mwanzoni walikutania lakini siku hizi wanakusubiri umalize. Nilirudi nyumbani nimenuna. Nilijua tabia hiyo umeitoa wapi.

Halafu ukaja usiku ule wa barua pepe. Ulikaa hapa hapa nilipokaa. "Mum, I got it." Miaka miwili Japani, kwa mpwa wa Bibi Hanae anayetunza msitu wa hekalu la ukoo wao. Ukanieleza, macho yanang'aa, kwamba ndani ya msitu ule hakuna anayekata mti kwa kutaka kwake, kwamba kuna mierezi watu wameilinda tangu enzi za mababu wa mababu, na mti ukizeeka unawekewa nguzo za kuuegemeza kama mzee anavyopewa mkongojo. Nikakuuliza, "Na wewe utauabudu?" Ukasema, "It's a job, Mum. Nitatunza miti, that's all." Nikakuuliza tena. Ukasema, "I don't know. Maybe kuna kitu pale. Mbona unaogopa?"

Hilo neno la mwisho ndilo lililoniwasha. Nikasema nililolisema. Kwamba ukipanda ndege hiyo, radhi zangu usizitafute.

Uliinuka ukaenda kulala. Mimi nilibaki nimekaa, nimeshtushwa na mdomo wangu mwenyewe, na badala ya kukufuata nikampigia simu Mama Dori.

Unamjua Mama Dori wa Ilford, kiongozi wa kikundi chetu cha maombi. Hakuuliza maswali mengi. "Mama Namsifu, shina liko wapi?" Nikasema, "Queensbury, nyuma ya nyumba." Akasema, "Basi tunaenda kwenye shina." Akaja Jumanne, amelaani treni na ngazi za stesheni zote, na chupa ya mafuta ya zeituni yaliyoombewa ndani ya soksi. Bibi Hanae alikuwa amepanda kulala kama kawaida baada ya chakula cha mchana. Nilifungua mlango wa bustani kwa ufunguo niliopewa kwa kuaminiwa. Hilo peke yake, kazini wangejua, ningefukuzwa siku hiyo hiyo, na ningestahili.

Tuliomba, Namsifu. Nisikufiche, tuliomba kwa nguvu zote. Mama Dori aliuzunguka mti akiukemea, nami nikatoa mkasi wa jikoni nikakata ile kamba, nikaisokomeza kwenye mfuko mweusi pamoja na karatasi zake. Mafuta niliyamwaga mwenyewe, yakateremka kwenye gome mpaka kwenye mizizi. Halafu nikapiga magoti nikaanza kukulilia. Nililia kwa jina lako. Nilisema, mwanangu asianguke, mwanangu asipotee, nirudishie mwanangu. Nilisahau habari ya mti kabisa, nikawa nimeuegemea huku nalia, paji la uso kwenye gome.

Nilipoinua kichwa, Bibi Hanae alikuwa dirishani juu. Amesimama na gauni lake la kulalia, viganja vimeunganishwa kifuani, anatutazama.

Mama Dori naye alimwona. Akafunga chupa. "Mama Namsifu, mimi nina treni," akasema, na kabla sijasimama alishapita kwenye geti la pembeni. Yule mama ana magoti mabovu, lakini siku ile usingeyaona.

Nilipanda ngazi nikijua kazi imekwisha. Nikawa napanga maneno ya kuomba msamaha. Nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, machozi yanamtoka. Akainama, Namsifu. Yule mzee wa miaka ile, mgongo ule ninaoupaka losheni, aliinama mbele yangu mpaka nikaona utosi wake.

"Eva," akasema, "asante. Mafuta yale ni ya nini?"

"Ni ya zeituni," nikajibu. "Ya maombi."

"Ni mazuri?"

"Ya bei."

"Tangu nihamie hapa hakuna mtu aliyewahi kuuletea chochote," akasema. "Wewe na rafiki yako mmeuletea mafuta na machozi."

Mwanangu, yule mama alidhani tumekwenda kuuheshimu! Kamba alikuwa hajaiona kuwa haipo, macho yake unayajua. Alichokiona ni wanawake wawili wa Kiafrika wanauzunguka mti wake, wanaimba, wanaumwagia kitu cha thamani, na mmoja amepiga magoti analia. Kwao ndivyo inavyofanywa. Ningeweza kunyamaza. Ningesema karibu, nikashuka kupika supu, na hakuna ambaye angejua.

Nilishindwa. Sijui kwa nini, mimi ambaye baadaye nilikudanganya wewe ndani ya basi. Nikamwambia, "Bibi, sikwenda kuuheshimu. Nilikwenda kukifukuza kilichomo. Na kamba nimeikata, iko kwenye pipa."

Nilitamani anitukane. Akaniuliza, "Ulikuwa unamlilia nani?"

"Namsifu."

"Ulikuwa unasema nini?"

"Kwamba asianguke."

Akanishika mkono. Akasema kwamba hilo hilo ndilo analolisema yeye kila asubuhi pale chini, tangu mwaka jana, tangu siku kamba yako ilipokatika.

Nikamuuliza kamba gani.

Unaelewa sasa kwa nini kituoni nilisahau naelekea wapi? Nilisimama katikati ya chumba cha mteja wangu nikisimuliwa habari za mwanangu mwenyewe. Kwamba msumeno ulikula kamba yako ukiwa juu ya mti kwenye uwanja wa kanisa, ukabaki unaning'inia kwa kamba moja, na wenzako wakachukua muda kukufikia. Kwamba ulikwenda kwake jioni ile kabla ya kuja nyumbani, ukalala kichwa kimekaa mapajani mwake. Mimi jioni ile naikumbuka. Uliingia, ukala ugali kidogo, ukasema umechoka. Nikakugombeza kwa ajili ya matope ya buti kwenye zulia.

Nilimwuliza Bibi kwa nini hukuniambia mimi. Hakutaka kusema. Nikang'ang'ania. Akasema, "Alisema mama atapiga kelele, halafu atamkataza kupanda."

Na ni kweli. Ningepiga kelele. Ningekukataza. Ningemwita Mama Dori.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Nimekaa miaka nikidhani yule mzee anakuiba kwa uchawi wa kamba na karatasi, kumbe ulikuwa unakwenda mahali ambapo unaweza kusema jambo bila kupigiwa kelele. Lilikuwa kosa langu, na hakuna pepo wa kumsingizia.

Nilimuuliza siku nyingine, wakati namsuka nywele, kile kilichomo ndani ya mti ni nini hasa. Wao wanakiita kami. Mimi sina neno lake. Nikisema mungu naona ni kubwa mno, nikisema pepo naona ni baya mno. Akaniambia hata yeye hawezi kulieleza. Akasema kuna mahali ukifika sauti yako inashuka yenyewe, kwenye mti, kwenye jiwe, kwenye maporomoko ya maji, na kamba haifungwi ili kumzuia mtu humo, inafungwa ili hata mwenye haraka ajue afike taratibu. Alipohamia nyumba ile na mumewe, akasema, aliuona mti akajua amemkuta mwenyeji. Nikamuuliza, "Na Mungu wangu je?" Akasema, "Wako ni wapi asipokuwepo?" Nikaendelea kusuka.

Kazini hakupiga simu. Wiki ile ile nilimkuta amenunua katani kwenye duka la bustani, mafungu matatu ya kufungia mimea. Kwao hutumia mabua ya mpunga, lakini akasema kitu safi kilichoota ardhini kinafaa. Vidole vyake havikunjiki tena. Akaniambia, "Uliwahi kuniambia baba yako alifanya kazi na hii." Harufu yake, Namsifu! Nilirudi kambini pale pale, natazama mikono ya babu yako. Sikuangalia kwenye karatasi imetoka nchi gani.

Nikakaa nikaanza kusokota pajani, kama tulivyofundishwa. Bibi akanizuia. "Kushoto." Kamba ya mti haisokotwi kama kamba ya kufungia mbuzi au mizigo, inasokotwa kinyume, kwenda kushoto, ili isifanane na za kazi. Mikono yangu ilikataa. Kila nikijisahau inarudi kulia, nafumua, naanza upya, paja limechubuka, na yule mzee anacheka mpaka anakohoa. Ndiyo ile kamba uliyoikuta Jumapili ulipokwenda kumuaga. Uliishika ukasema, "Who made this? It's beautiful." Bibi akanitazama, akanyamaza. Nikajifanya naosha vikombe.

Kama nimetenda dhambi, sijui. Mungu nimemuuliza, bado hajanijibu. Mama Dori sijamuuliza, kwa sababu atanijibu mara moja. Tulipoizungusha ile kamba mtini, Bibi akishika ncha moja na mimi nyingine, sikuinama, na makofi sikupiga. Nilisimama pembeni mikono nyuma. Yeye akapiga makofi yake mawili, akasema maneno yake, na katikati ya maneno yale nisiyoyajua nikasikia Namsifu. Alilitamka polepole, kila kipande peke yake, anaogopa kukosea. Mimi niliyekupa jina hilo nimekuwa nikiliita kwa kupayuka kutoka jikoni.

Kwa hiyo ukiniuliza ufanyeje huko, sina la kukuagiza. Mimi ni mtu niliyeokoka, siwezi kukuambia uinamie mti. Wala siwezi tena kukuambia ufumbe macho, maana nimeona nilichokosa kwa kuyafumba. Uliza. Uliza mapema, usingoje miaka kumi kama mimi, na usiingie bustani ya mtu na mkasi kabla hujauliza. Ukikuta wenyeji wako wanamwogopa Mungu wa mama yako kama mimi nilivyoogopa mti wao, wavumilie, wape muda, wapikie ugali.

Na yale maneno niliyoyasema kwenye meza hii nayafuta. Nayafuta mimi niliyeyasema, na Mungu ni shahidi, na kama ule mti una masikio nao ni shahidi. Radhi zangu unazo zote, Namsifu. Nimekuridhia ndege yako, nimekuridhia msitu wako, nimekuridhia kila tawi utakalolikanyaga. Huna deni la kunisamehe ili uzipate.

Kesho nimeomba ruhusa. Ukitaka nikusindikize hadi Heathrow, nitavaa viatu. Ukiwa bado una hasira, nikumbatie hapa mlangoni uende zako, nitaelewa, na radhi hazitapungua.

Jambo moja tu ndilo ninalokuomba. Ukiteleza huko, kamba ikikatika, ukining'inia tena kati ya mbingu na ardhi halafu wakakushusha salama, nipigie mimi kwanza. Nipigie hata kama huku watu wamelala. Nitapiga kelele, sikudanganyi. Nitalia, nitamwita Yesu, nitakuambia urudi nyumbani kesho yake. Wewe usikate simu. Ningoje nimalize, halafu unisimulie.

Mama yako,
Eva